Nani kayapanga majibu yako? Faharasa na mpangilio katika kanzidata

Umeandika swali lako la SQL, majibu yamekuja yamepangika vizuri kabisa, na ORDER BY hukuiweka popote. Unajiambia, "Kumbe yanajipanga yenyewe!" Hapana. Hapo umebahatika tu.

Jedwali la kanzidata halina mpangilio wa asili. Katika mfumo alioupendekeza Edgar Codd mwaka 1970, mistari ya jedwali ni seti: hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Sasa mbona yalikuja yamepangika? Mara nyingi ni kazi ya faharasa, au indeksi kama wengi wanavyoiita. Ni kama ile ya mwisho wa kitabu: inatunza thamani zikiwa zimepangwa, kila moja ikionyesha mstari wake ulipo. Mfumo ukipita humo, majibu hutoka kwa mpangilio huo. Kesho faharasa ikifutwa, au mfumo ukiona ni nafuu kusoma jedwali zima, mpangilio unabadilika, na hutaonyeshwa kosa lolote.

Ukiandika ORDER BY, faharasa inakupunguzia kazi. Tuseme una matokeo ya wanafunzi milioni 1 na unawataka 10 bora. Bila faharasa ya alama, mfumo unapitia mistari yote milioni. Ikiwepo, unaanzia juu, unasoma 10, basi.

Ila angalia mfuatano wa vipengele. Faharasa ya mkoa kisha alama inafaa kupanga alama ndani ya mkoa mmoja. Kwa nchi nzima haikufai sana, kwa sababu alama zimepangwa mkoa kwa mkoa.

Hatari kubwa iko kwenye alama zinazolingana. Wanafunzi watano wana 78, nawe unaonyesha matokeo kurasa kwa kurasa. ORDER BY alama haisemi nani kati yao atangulie, kwa hiyo kila ukurasa unaweza kuwapanga tofauti. Mmoja anaonekana mara mbili, mwingine haonekani kabisa. Fikiria huyo anayetafuta jina lake akalikosa, wakati kwenye jedwali lipo!

Dawa yake ni ndogo: ongeza kitu kisichojirudia, mfano ORDER BY alama DESC, namba_ya_mtihani. Faharasa ikifuata mfuatano huohuo, unapata mpangilio wa uhakika na kasi pia.

Kwa hiyo ukitaka mpangilio, uombe waziwazi. Faharasa inaharakisha tu, haikuahidi chochote.