Mwakilishi wa Chama cha Wafanyakazi Mahali pa Kazi: Majukumu Yake Kisheria

Kwa wafanyakazi wengi, kiongozi wa tawi la chama ni yule anayeonekana Mei Mosi akiwa ameshika bango, au anayesikika pale nyongeza ya mshahara inapochelewa. Mtazamo huo unaacha nje sehemu kubwa ya kazi aliyopewa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara. Matokeo yake, mfanyakazi hupatwa na shauri zito, akalikabili peke yake, ilhali mtu wa kumsaidia yupo katika jengo hilohilo.

Kifungu cha 62 cha Sheria hiyo kinakipa chama kilichosajiliwa haki ya kuwa na wawakilishi mahali pa kazi, na idadi yao hufuata idadi ya wanachama. Wanachama 1 hadi 9 huwa na mwakilishi 1. 10 hadi 20 wawakilishi 3. 21 hadi 100 wawakilishi 10. Na wanaozidi 100 wawakilishi 15. Katika kundi hili la mwisho, wawakilishi wasiopungua 5 wanapaswa kuwawakilisha wanachama wanawake, iwapo wapo. Namna ya kuwapata wawakilishi huelezwa na katiba ya chama husika.

Jukumu linalogusa maisha ya mtu moja kwa moja ni kumwakilisha mwanachama katika malalamiko na mashauri ya nidhamu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa ajulishwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kutosha kujiandaa, ambao kwa kawaida haupaswi kupungua saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Saa 48 si nyingi. Anayemtafuta mwakilishi asubuhi ya kikao humkuta hajasoma barua ya tuhuma, hajui mashahidi ni akina nani na hajapata nafasi ya kuomba nyaraka. Mwakilishi makini huanza na mambo madogo: je, kanuni inayodaiwa kuvunjwa ipo, mfanyakazi aliifahamu, na wengine waliofanya kosa kama hilo walichukuliwa hatua gani? Kazi yake si kuficha kosa. Ni kuhakikisha kwamba hata aliyekosa anasikilizwa kwa haki.

Mfanyakazi akiachishwa kazi na kuona hakutendewa haki, muda huanza kuhesabika upya. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini ni lazima aeleze sababu za msingi, na ombi hilo linaweza kukataliwa. Mbele ya Tume anaweza kuwakilishwa na mwanachama au ofisa wa chama chake, wakili, au mtu mwingine aliyemchagua. Watumishi wa umma wana hatua zao za rufaa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma, na wanapaswa kuzimaliza hizo kwanza.

Mbali na mashauri, mwakilishi hutoa hoja kwa niaba ya wanachama kuhusu kanuni za kazi, usalama, afya na ustawi. Hufuatilia iwapo mwajiri anatekeleza sheria za kazi, hukiwakilisha chama wakati wa ukaguzi wa maofisa kazi, na hushauriana na mwajiri kuhusu tija. Hili la tija husahaulika kwa urahisi, ingawa limo katika kifungu kilekile cha 62.

Ili ayatekeleze hayo, Sheria inampa muda wa kutosha bila kukatwa mshahara, likizo yenye malipo kwa ajili ya mafunzo, na haki ya kupewa na mwajiri taarifa zinazohusiana na kazi yake. Kumbagua kiongozi wa chama kwa sababu ya shughuli zake halali ni marufuku.

Ada nayo huzua maswali ya mara kwa mara. Mwajiri hukata ada ya uanachama baada ya mfanyakazi kuidhinisha kwa fomu maalumu, inayofahamika kama TUF 6, na hupaswa kuiwasilisha kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Anayetaka kusitisha hutoa notisi ya maandishi ya mwezi 1. Hata hivyo, penye makubaliano ya ada ya uwakala, asiye mwanachama naye anaweza kukatwa, kwa kuwa mkataba wa hali bora uliofikiwa na chama chenye wanachama wengi unamnufaisha pia. Mfanyakazi asiyeelewa makato yaliyomo katika hati yake ya mshahara aanze kwa kumwuliza mwakilishi au ofisi ya rasilimali watu. Asiporidhika, awasiliane na ofisi ya kazi ya mkoa wake.