Fahamu: Unayemchagua na anayeteuliwa, Tanzania na Kenya

Ukihitaji barua ya utambulisho Dar es Salaam, unaanzia ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi. Uchaguzi wa karibuni wa wenyeviti hao ulifanyika Novemba 2024. Juu ya mwenyekiti, kura yako inafika kwa diwani. Mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wote huteuliwa na Rais.

Kenya ni kinyume. Chifu na naibu wake ni waajiriwa wa Serikali ya Kitaifa, ila magavana wa kaunti 47 hupigiwa kura. Tena Katiba ya 2010 inazihakikishia kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Kwa fungu hilo Kenya imetangulia. Kwa kumchagua hata mwenyekiti wa mtaa, Tanzania imetangulia.