Anayemtazama Mchezaji

Mchana abiria wakiadimika, kwenye steji ya bodaboda Rabai simu hutoka mifukoni. Kijindege chekundu kinapaa kwenye kioo cheusi na namba ya kuzidisha dau inapanda nacho: 1.20, 1.85, 2.60. Dereva ameweka shilingi 50, kidole kiko tayari juu ya kitufe. Akitoa mapema anapata kidogo. Akichelewa, ndege imetoweka na hela zimekwenda nayo. Sekunde chache tu, raundi nyingine imeanza.

Huo ni Aviator, mchezo wa kampuni ya Spribe yenye asili ya Georgia. Aliyeubuni anaijua vyema tabia ya mchezaji. Pembeni huonyeshwa dau na ushindi wa wengine, kwa hiyo aliyepoteza anaona bado kuna wanaopata. Anaweza kuweka madau mawili kwa mkupuo, moja la kujihami, jingine la tamaa. Mchezo hutangazwa kuwa unarudisha asilimia 97 ya dau, na hapo wengi huridhika. Tupige hesabu: anayeweka shilingi 100 mara 50 huacha, kwa wastani, shilingi 150, na raundi 50 hazimalizi saa moja. Aliyebeti mechi ya mpira husubiri dakika 90 kwa dau moja.

Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll alichunguza mvuto wa michezo ya kasi kama hii Las Vegas kwa miaka mingi, na katika kitabu chake cha mwaka 2012 alionyesha jinsi mashine za kamari zinavyosanifiwa ili mtu asiinuke kitini.

Ila kumbukumbu za mchezaji zilizo mikononi mwa kampuni zinaweza kumwokoa. Kampuni inaona nani anaongeza dau kila akipoteza, na nani anatuma pesa kwa M-Pesa mara ya nne saa nane usiku. Kasi ya mchezo nayo inaweza kudhibitiwa: Uingereza iliamua mwaka 2021 kwamba mzunguko wa sloti za mtandaoni usipungue sekunde 2.5, na ikapiga marufuku mchezo kujiendesha wenyewe.

Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 kuanzia Aprili 2025, na Agosti ikapata sheria mpya ya kamari. Ni hatua njema. Lakini tangazo humfikisha mtu kwenye mchezo tu. Kinachomshika ni mwendo wa mchezo wenyewe. Wasimamizi wa kamari waanzie hapo: raundi zipunguzwe kasi, na kampuni inayomwona mteja akifukuzia hasara ilazimike kumsimamisha kabla hajaweka pesa ya mafuta ya kesho.