Bofya Mara Moja, Kisha Angalia Simu

Tuseme uko saiba hapa Mwihoko, unalipa karo ya mtoto kupitia tovuti ya chuo. Ni shilingi 4,500. Umeandika nambari yako ya simu, ukabofya "Lipa" mara mbili, tap tap, vile umezoea kufungua faili. Ukurasa umeganda. Unabofya tena. Halafu simu inaanza kukuuliza PIN, na ukimaliza inakuuliza tena. Je, uweke?

Kabla ya kujibu, tuangalie hii tabia ya kubofya mara mbili ilitoka wapi.

Mara mbili ni ya nini?

Mwaka 1983 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta iliyoitwa Lisa. Mausi yake ilikuwa na kitufe kimoja tu, na kitufe hicho kilipaswa kufanya kazi mbili: kuchagua kitu na kukifungua. Basi ikawa hivi: bofya mara moja kuchagua, mara mbili kufungua. Windows pia inafuata mtindo huo kwenye picha za faili na folda.

Kwenye kurasa za intaneti mambo ni tofauti. Kiungo au kitufe kinafanya kazi ukibofya mara moja. Ile ya pili si ya kukisaidia. Ni agizo lingine. Shida ni kwamba vyote viwili viko kwenye skrini moja, na kidole hakijui tofauti.

Nini hutokea ukibofya "Lipa" mara mbili?

Kila ukibofya, tovuti inaweza kutuma ombi la malipo. Tovuti iliyotengenezwa vizuri huzima kitufe baada ya mara ya kwanza, au hutambua kwamba ombi la pili ni la malipo yale yale. Lakini si zote hufanya hivyo, kwa hivyo maombi mawili yanaweza kufika kwa simu yako.

Hapa ndipo pa kushika: kubofya hakukati pesa. PIN ndiyo inakata. Hata ukibofya mara tano kwa bahati mbaya, bado una nafasi ya kujiokoa. Kwa hivyo jibu la swali letu ni hapana. Ombi la pili likija, usiweke PIN. Likatae, kisha usome ujumbe kwanza.

Fanya hivi

1. Bofya "Lipa" mara moja tu, kisha toa mkono kwa mausi.
2. Angalia simu, si kompyuta. Soma jina la unayemlipa na kiasi, ndipo uweke PIN.
3. Subiri ujumbe wa uthibitisho. Kama haujafika, angalia salio au taarifa ya miamala kabla ya kujaribu tena.
4. Usirudishe ukurasa nyuma wala kuupakia upya wakati malipo yanaendelea. Hiyo pia inaweza kutuma ombi jingine.

Na kama pesa imekatwa mara mbili?

Linganisha misimbo ya miamala. Kwa M-PESA, ni ile ya herufi na tarakimu 10 iliyo mwanzoni mwa ujumbe. Msimbo ukiwa mmoja, ni ujumbe uliojirudia tu. Misimbo ikiwa tofauti, umelipa mara mbili. Usifute ujumbe wowote. Wasiliana mara moja na uliyemlipa, na pia huduma kwa wateja, ukiwa na misimbo yote miwili. Na usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anakurudishia pesa.

Kwa wale ambao kubofya mara mbili kunawasumbua

Kuna wazazi wetu wanaobofya faili mara mbili na haifunguki. Mara nyingi ni kasi. Windows kwa kawaida hutoa nusu sekunde kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili. Ukichelewa, inahesabu kama mibofyo miwili tofauti. Mwombe mhudumu wa saiba apunguze kasi hiyo kwenye mipangilio ya mausi. Ama uchague faili kwa kubofya mara moja, kisha ubonyeze Enter.

Kwa faili, mara mbili. Kwa pesa, mara moja, halafu subira. Karo ikilipwa mara mbili, kodi ya nyumba ndiyo inaumia.