Matusi ya Mchana Katika Televisheni: Je, Marufuku Yatosha Kuwalinda Watoto Wetu?



Ndugu wasomaji, mwezi huu tumeonelea tulizungumzie jambo ambalo huzuka karibu kila familia zetu zinapokutana, iwe Riyadh au Jeddah. Nalo ni lugha chafu inayotoka katika televisheni wakati wa mchana, saa ambazo watoto wamekwisha kurudi shule na jua la nje haliruhusu mchezo. Wapo wasemao kwamba vituo vya televisheni vipigwe marufuku kabisa kurusha matusi kabla ya usiku kuingia. Wapo pia wasemao kwamba marufuku ni kazi bure, kwani mtoto atayasikia matusi hayo hayo ndani ya basi la shule. Sisi twaiunga mkono marufuku hiyo. Lakini twaona kwamba kwa familia kama zetu upo mlango mmoja ambao sheria haiwezi kuufunga, na mlango huo umo ndani ya nyumba zetu wenyewe.

WENZETU WAMEFANYA NINI?

Fikra ya kuulinda mchana wa watoto si ngeni. Nchini Uingereza, tangu miaka ya 1960, saa tatu usiku imefanywa mpaka. Kabla ya saa hiyo vituo havina ruhusa ya kurusha matusi mazito. Tarehe 1 Desemba 1976 mpaka huo ulivunjwa waziwazi, pale kundi la muziki la Sex Pistols lilipotukana hewani, saa za magharibi, katika mahojiano ya moja kwa moja ya Thames Television. Nchi nzima ilichafuka, na mtangazaji Bill Grundy, ambaye alikuwa akiwachochea waseme zaidi, akasimamishwa kazi kwa wiki mbili.

Nchini Marekani, tarehe 30 Oktoba 1973, mnamo saa nane za mchana, kituo cha redio cha WBAI cha New York kilirusha maneno ya mchekeshaji George Carlin yaliyojaa matusi. Mzazi mmoja aliyeyasikia akiwa na mwanawe alipeleka mashtaka. Shauri hilo lilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na mwaka 1978 majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba serikali inayo haki ya kuzuia lugha ya namna hiyo saa ambazo watoto wanaweza kuisikia. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: matangazo huingia hadi ndani ya nyumba ya mtu, na hata mtoto asiyejua kusoma huyafahamu.

Karibu na kwetu, Kenya ilianza kutumia kanuni za vipindi mwaka 2016 chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kanuni hizo ziliweka kwamba tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, vipindi viwe vya kufaa kutazamwa na jamaa nzima.

Na hapa tulipo? Wakaaji wa zamani watakumbuka kwamba mwaka 1994 Baraza la Mawaziri la Saudi Arabia lilipiga marufuku madishi yenyewe. Faini ilikuwa riali 100,000 kwa mwenye kumiliki na kufikia riali 500,000 kwa mwenye kuingiza au kutengeneza. Juu ya hayo yote, madishi hayakutoweka mapaani. Yaliendelea kuongezeka mwaka hata mwaka. Kisa hicho chatufunza kwamba marufuku isiyokubaliwa na watu ndani ya majumba yao hubaki karatasini.

SAA ZISIZOLINGANA

Sasa na tuitazame hali yetu. Kila sheria tuliyoitaja hapo juu yategemea mambo mawili: kwamba kituo na mtazamaji wanafuata saa moja, na kwamba mzazi na mtoto wanaielewa lugha moja. Katika nyumba zetu mambo hayo mawili aghalabu hayapo.

Saa zetu za Riyadh na Jeddah ni sawa na za Nairobi, Dar es Salaam na Unguja, kwa hiyo mpaka wa Kenya watufaa kama ulivyo. Kipindi cha London cha saa tatu usiku hutufikia saa sita usiku wakati wa baridi, na saa tano wakati wa joto, na huo ni usalama zaidi kwetu. Lakini kinachorushwa Mumbai saa tano za usiku, watu wazima wakiwa peke yao, hutua katika vyumba vyetu saa mbili na nusu usiku, watoto wakila. Na kinachorushwa New York saa nne usiku, saa ambayo sheria ya huko huanza kulegeza kamba, hutufikia saa kumi na mbili asubuhi majira ya baridi, watoto wakivaa sare za shule. Usiku wa wengine umekuwa mchana wetu. Na tangu ulimwengu ulipoingia katika simu, kipindi hakina tena saa yake. Mtoto hukiita wakati wowote apendao.

LUGHA TUSIYOIELEWA

La pili ni zito zaidi. Wengi wetu twazitazama filamu za Kiingereza kwa kusoma maandishi ya Kiarabu yaliyo chini ya kioo. Wafasiri wa maandishi hayo wana desturi ya miaka mingi ya kuyasafisha matusi. Neno la kuaibisha likitamkwa, wao huandika "tabban laka", yaani uangamie, maneno ya Kiarabu fasaha ambayo hayasikiki sokoni Batha wala mitaa ya Balad. Baba asomaye maandishi huona ugomvi wa kawaida. Mtoto, ambaye shuleni anafundishwa Kiingereza, hulisikia neno lenyewe. Wameketi zulia moja, wanatazama kioo kimoja, lakini kila mmoja ana filamu yake.

Hatusemi kwamba kusafisha lugha ni kubaya. Kituo cha watoto cha Spacetoon, kilichoanza mwaka 2000, kilirusha katuni zilizotiwa sauti za Kiarabu fasaha, nyingi zikiwa zimetengenezwa Damascus, na watoto wengi wa nchi hizi walijifunza humo lugha nzuri. Tofauti ni kwamba huko sauti yenyewe imesafishwa, mzazi na mtoto wakasikia jambo moja. Pale ambapo maandishi peke yake ndiyo yaliyosafishwa, anayekingwa ni mzazi, na mtoto huachwa wazi.

KIMYA CHA MZAZI

Hapa ndipo tunapowajibu wale wasemao kwamba neno la televisheni halina tofauti na neno la basi la shule. Tofauti ipo, na ni kubwa. Neno alilolisikia mtoto ndani ya basi, analijua kuwa ni la basi. Hathubutu kulitamka mbele ya mamaye. Lakini neno lililotamkwa sebuleni, baba akiwapo, mama akiwapo, na wote wakanyamaza, mtoto hulihesabu kuwa limepewa ruhusa. Yeye hajui kwamba tumenyamaza kwa kutofahamu. Ajualo ni kwamba tumenyamaza.

Na gharama yake si ndogo kwa mgeni katika nchi ya watu. Chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2007, mwenye kumkashifu mtu kwa njia ya mtandao aweza kufungwa hadi mwaka mmoja na kutozwa faini hadi riali 500,000. Kijana aliyezoea kuyaona matusi kuwa mzaha wa filamu ataiandika tusi hiyo katika simu yake siku aliyoghadhibika, na sisi tunaoishi kwa iqama twajua mashaka ya familia nzima kuitwa kituoni kwa sababu ya ulimi wa mmoja. Kabla ya sheria hiyo, dini yetu imekwisha kutukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, kama inavyofahamika katika Suratul Hujurat.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tusiache kudai. Mzazi anayelipia king'amuzi ni mteja, na malalamiko ya mteja yana uzito. Aandike jina la kituo, siku na saa, apeleke kwa wenye kituo. Namba ya siri ya kufungia chaneli nayo ipo ndani ya ving'amuzi vingi. Wengi wetu hatujawahi kuiweka.

Pili, tuivunje kimya. Mzazi asiyejua Kiingereza asione haya kumwuliza mwanawe mkubwa, "Mwanangu, huyu amesema nini?" Amwulize kwa upole na wala asimwadhibu kwa jibu. Mtoto akijibu, "Mama, ni neno baya," basi yeye mwenyewe amekwisha kulihukumu, na wadogo zake wamesikia hukumu hiyo ikitoka kinywani mwake.

Tatu, tuwape watoto maneno ya hasira yasiyo matusi. Kiswahili chetu ni tajiri kwa mafumbo, methali na vijembe ambavyo wazee wetu wa pwani walivitumia kumrudi mtu bila ya kuichafua midomo yao. Mtoto anayekulia ugenini akikosa maneno hayo, akighadhibika atayatumia yale aliyofunzwa na kioo.

Nne, tujichunge wenyewe. Mtoto anayemsikia baba akimtukana dereva mwenziwe katika msongamano wa magari hahitaji televisheni ya kumfunza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sheria na ilinde mchana wa watoto wetu. Ni haki yao na twaitaka. Lakini sheria ya London haiijui saa ya Riyadh, na mfasiri wa filamu hakutuandikia sisi tuwe walinzi. Ulinzi huo ni wetu, na huanza kwa swali moja dogo linaloulizwa sebuleni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na za watoto wetu, na awakuze katika adabu njema popote walipo. Amin.

Wabillahi tawfiq.