Mawe ya Dunia na Siku Sita

Makatekista wanatuuliza: Mungu aliumba kwa siku sita, mbona wataalamu wanahesabu miaka milioni 4500?

Mwaka 1961 Waprotestanti wawili wa Marekani, Whitcomb na Morris, waliandika kwamba gharika ya Noe ndiyo iliyotandika matabaka ya mawe. Lakini tangu mwaka 1669 Niels Stensen, aliyekuwa askofu baadaye na leo ni Mwenye Heri, alionyesha kwamba tabaka la chini ndilo lililotangulia. Naye pia alitaja gharika. Waliomfuata walipima namna madini ya urani yanavyogeuka risasi polepole, wakaona miaka mingi sana.

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha nani aliyeumba. Basi tusimlazimishe mwanafunzi kuchagua: akiona mawe yasema kweli, ataidhania imani kuwa uongo.