Hita ya Maji Inapogoma: Kuitafuta Hitilafu ya Umeme kwa Hesabu

Uwanda wa Mbozi, pamoja na mji wa Tunduma ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, umeinuka zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai maji ya bombani huko huwa baridi kiasi cha kumfanya mtu aahirishe kuoga. Dawa ya zamani ilikuwa debe la maji juu ya mafiga, na kwa nyumba nyingi ndiyo dawa ya leo pia. Lakini katika nyumba za wageni za Tunduma na Vwawa, na katika baadhi ya nyumba za watu, kazi hiyo hufanywa na hita ya umeme yenye tangi. Kinapoharibika chombo hicho, mara nyingi hubahatishwa: hubadilishwa kifaa hiki, kisha kile, mpaka maji yapate moto au fedha ziishe. Fizikia ya sekondari yatosha kuuondoa ubahatishaji huo.

Kiini cha hita ni elementi: waya mwembamba wa aloi ya nikeli na kromi, uliopitishwa ndani ya bomba la chuma na kuzungushiwa unga wa oksidi ya magnesi. Unga huo hupitisha joto, lakini haupitishi umeme. Themostati hukata mkondo maji yanapofikia joto lililopangwa, tuseme nyuzi 60 za Selsiasi. Na themostati ikishindwa, kipo kikatio cha usalama. Nyaya zinazoingia ni tatu: laini, nyutro na athi, yaani waya wa ardhi.

Na tuchukue hita ya wati 1,500 na tangi la lita 50. Kwa volti 230 mkondo wake ni ampea 6.5, na ukinzani wa elementi ni omu 35 hivi. Kuyatoa maji kwenye nyuzi 18 mpaka 60 kwahitaji kilojuli 8,820, yaani muda wa dakika 98. Mwenye nyumba akilalamika kwamba hita yake imechoka, kwani yachukua karibu saa tatu, mwalimu amwulize kwanza volti zilizomo nyumbani. Nguvu hufuata kipeo cha pili cha volti. Mwisho wa laini ndefu, majirani wote wakiwa wamewasha vyombo vyao, volti zikishuka hadi 180, hita hiyo hutoa wati 918 tu, na muda hurefuka hadi saa mbili na dakika 40. Hita haina kosa lolote; elementi mpya haitasaidia kitu.

Ikiwa maji hayapati moto kabisa, utafutaji huanza mbali na hita na kuisogelea hatua kwa hatua. Je, umeme wa LUKU umekwisha? (Swali hili laonekana la kitoto, lakini limewaokolea wengi nauli ya fundi.) Je, breka imeanguka? Baada ya hapo kazi ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, wala si ya mwanafunzi. Fundi hupima volti penye vituo vya elementi. Zikiwa 230 na mkondo haupiti, elementi imekatika. Zisipokuwapo, hurudi nyuma: kabla ya themostati, kabla ya kikatio, penye swichi. Pale ambapo kabla yake pana volti na baada yake hapana, ndipo penye hitilafu. Sababu ya kukatika kwa elementi mara nyingi ni ukoko wa chokaa unaolizuia joto kutoka. Anayetaka kuona jinsi maji yanavyojenga chokaa aende kwenye chemchemi za moto za Songwe, ambako yamejenga matabaka mazima ya mawe.

Breka inayoanguka kila inapoinuliwa ni habari nyingine. Katika nchi za baridi kali nyumba nyingi zilipashwa joto kwa tanuri za mafuta, na baadhi bado zinapashwa hivyo. Tanuri ikishindwa kushika moto, kidhibiti chake huifunga mpaka mtu abonyeze kitufe. Anayebonyeza tena na tena bila kuuliza sababu hujaza chumba cha moto mafuta yasiyoungua, na siku cheche ikipatikana, hulipuka. Breka nayo yataka heshima ile ile. Kuibadilisha kwa kubwa zaidi ni kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele.

Lakini hitilafu ya kuogopwa kuliko zote ni ile isiyopiga kelele. Bomba la elementi likitoboka, maji huingia katika ule unga, na umeme huvuja kwenye tangi. Hita huendelea kuchemsha maji vizuri kabisa. Kama waya wa athi haukuunganishwa, tangi na mabomba hushika umeme. Mwili uliolowa huwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Mkondo upitao ni ampea 0.23. Mkondo wa ampea 0.1 tu kupita kifuani waweza kuvuruga mapigo ya moyo, na breka ya ampea 16 haitahisi chochote, kwa maana iliwekwa kulinda nyaya, haikuwekwa kumlinda aogaye.

Hata athi ikiwapo, hesabu haijaisha. Tuseme chuma cha athi kilichozikwa nje ya nyumba kina ukinzani wa omu 50. Mkondo uvujao ni ampea 4.6: breka haianguki, na tangi hubaki na volti za hatari. Katika Songwe mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kwisha Aprili au Mei, hivyo msimu wa baridi ndio msimu wa ukame. Udongo ukikauka, ukinzani wa athi hupanda, katika miezi ile ile ambayo hita hutumika zaidi. Kwa hiyo bafu lahitaji breka ya uvujaji, ambayo hulinganisha mkondo uendao na urudio, na kukata tofauti ifikapo ampea 0.03.

Darasani, mwalimu aweza kuomba kwa fundi elementi chakavu iliyokwisha kufunguliwa, bila kuiunganisha na umeme. Kwa kipimaomu, vituo viwili vya elementi nzima ya wati 1,500 vitasoma omu 35. Iliyokatika, ukinzani usio na mwisho. Kisha apime baina ya kituo kimoja na bomba lake. Hapo ndipo ukinzani usio na mwisho unapotakiwa. Ikisomwa namba ndogo, elementi hiyo inavuja. Uvujaji mdogo, hata hivyo, hauonekani kwa betri ya volti 9. Fundi hutumia kipimo chenye volti 500.